Nilivyompeleka Mama Mkwe Ng'ambo ya Ziwa

Ndugu zangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemgawia kipande. Matokeo yake kuna safari nyingi tofauti zinazosimuliwa hapa Igoma, na katika mojawapo mimi nilizama ziwani. Sikuzama. Nimeona niwaandikie yote, kuanzia Majita mpaka tuliporudi, ili anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye chakula chake.

Majita mpaka Igoma

Hali yangu mnaijua. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, mimi fundi wa mashine za kusokota nyuzi nilikuwa kundi la kwanza. Tuliambiwa ndiyo uchumi huria, mitumba imejaa sokoni, kitenge chetu hakina mnunuzi. Msichokijua ni kwamba tangu siku ile niliacha kuomba. Kwaya niliendelea kuja kwa mazoea, midomo ikafanya kazi yake, lakini nikifika nyumbani nilikuwa sina la kumwambia Mungu. Aliyelijua hilo ni mke wangu Perusi peke yake.

Halafu likaja lile tangazo kanisani, kwamba madaktari wa macho kutoka nje watakuwa kwenye hospitali ya misheni, mbele ya Geita, na watafunga kazi Jumamosi. Mama yake Perusi, Mama Dorkasi, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ameishi gizani miaka. Perusi alikuwa ametoka kujifungua, kaka zake mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine anachimba dhahabu mahali ambapo hata yeye hapajui vizuri. Perusi alinitazama akasema, "Baba Tabitha, wewe nafasi unayo." Zipo njia nyingi za kumwambia mtu kwamba hana kazi. Hiyo ni ya heshima.

Tatizo mwalijua, lakini kwa wenzetu wasio Wajita nieleze. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, hawali mahali pamoja, na kushikana mikono ndiyo usiseme. Si chuki, ni heshima. Sasa mchukue kipofu uvuke naye ziwa bila kumgusa.

Nilipofika Majita nilisimama uani nikiwa nimegeuzia nyumba mgongo, nikasalimia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mwambieni Baba Tabitha mimi niko tayari tangu juzi."

Alitoka na kikapu cha furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, zawadi ya daktari. Wale furu walikuwa wamekauka vya kutosha, lakini harufu yao ilikuwa bado mbichi. Wifi yake Perusi alituletea fimbo ndefu. Mimi nikashika ncha hii, Mama akashika ile, na hivyo ndivyo tulivyoondoka, mimi mbele, yeye nyuma, kama watu wanaobeba kitu kisichoonekana.

Ndani ya basi ilibaki siti ya watu wawili. Mama akakaa. Mimi nikasimama.

"Mzee, kaa," konda akasema. "Siti hiyo."

"Nashukuru, nitasimama."

"Nauli ni ileile ukikaa."

"Najua."

Alinitazama kuanzia kichwani akashuka, halafu akaniinamia sikioni kwa huruma. "Una jipu?"

Nikaona ni rahisi kukubali kuliko kueleza ukoo mzima. Nikasema ndiyo. Kuanzia hapo basi lote lilijua nina jipu na lilipo. Mzee mmoja akanipa dawa ya majani ya kukanda. Mama mmoja mwenye kikapu cha mayai ndiye aliyekuja kukaa karibu na Mama Dorkasi, na bila kuombwa akawa mpeleka salamu wetu.

"Mwambie Baba Tabitha akae, gari si nyumba," Mama akasema.

"Anasema ukae, gari si nyumba."

"Mwambie Mama nimezoea kusimama, kiwandani tulikuwa tunasimama."

"Anasema amezoea, kiwandani..." Yule mama wa mayai akatutazama mmoja mmoja. "Jamani, mbona mnasikiana? Mimi hapa kazi yangu ni nini?"

Kabla ya Bunda mkanda wa injini ukakatika. Tukashuka. Mama akasema kwa utulivu kabisa, "Mungu anajua kwa nini." Nami moyoni nikasema konda naye anajua, kwa sababu mkanda wenyewe ulikuwa umeungwa kwa kamba ya katani. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka, na kila aliyenung'unika Mama alimwambia lilelile, Mungu anajua. Mimi nilichoka na huo wimbo kuliko nilivyochoka kusimama.

Igoma tulilala. Mama alimpapasa mjukuu wake uso mzima kwa vidole, taratibu, masikio, pua, kidevu, halafu akamwambia Perusi, "Huyu ni wetu." Asubuhi tukashika fimbo.

Kigongo

Kigongo tulikuta foleni ya magari imetoka majini ikapanda mpaka kwenye vibanda vya chai. Kivuko kilikuwa kimeharibika. Kipuri kinafuatwa mjini, walisema. Nikauliza kitafika lini. Yule aliyekuwa akikata tiketi akaniambia, "Kikifika utakiona." Ilikuwa Jumatano.

Nilimweka Mama chini ya kivuli cha Landrova moja nyeupe iliyokuwa kwenye foleni, nikasimama hatua chache pembeni nikiwa nimeshika ncha yangu ya fimbo, kofia mkononi kwa sababu ya joto. Bibi mmoja aliyevaa vizuri akashuka kwenye gari dogo, akatuangalia, macho yakamlegea. Akatia mkate ndani ya kofia yangu.

"Pole, baba," akasema. "Mungu awatie nguvu."

Nilitaka kumwambia mimi ni fundi. Nilitaka kumwambia mashine ishirini zilikuwa hazigeuki bila mimi kugusa. Nikasema asante. Alipoondoka Mama akauliza hewani, "Nani huyo?"

"Mtu kapita, Mama. Katupa mkate."

"Bwana asifiwe. Nilikuwa nawaza mkate."

"Mama, ametudhania ombaomba."

Mama akafikiri. "Na sisi tulikuwa na mkate?"

"Hatukuwa nao."

"Basi hakukosea sana."

Mchana nikanunua mapanki ya sangara yaliyokaangwa. Minofu siku hizi inapanda ndege, sisi tunabaki na mifupa na kichwa, lakini kichwa cha sangara ukikipatia chumvi na pilipili hakina mpinzani. Nikampelekea Mama fungu lake kwa mkono wa muuza chai, mimi nikaenda kula langu nyuma ya Landrova, nimechuchumaa. Dereva wake akaamka usingizini akanifukuza. "Usipake mafuta gari la watu." Nikahamia nyuma ya tairi la lori, na hapo ndipo muuza mapanki akanikuta. Alikuwa mama wa Kikerewe, mwenye mikono minene na sauti ya kuita watu kutoka kisiwani.

"Tazameni mwanaume mzima huyu," akatangaza. "Mama yake kipofu kamwacha juani, yeye anajificha nyuma ya tairi anafakamia vichwa vya samaki."

Watu wakakusanyika. Nikajaribu kueleza mdomo ukiwa umejaa, jambo ambalo halikunisaidia. Mama Dorkasi akasikia, akapaza sauti kunitetea kwa Kiswahili chake cha Majita.

"Mwacheni. Huyo si mwanangu, ni mkwe. Kwetu mkwe hawezi kura mbere ya mama mkwe."

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia ya chama, mambo ya vyama vingi yakiwa bado yana moto. Akatikisa kichwa. "Mama, kura ni siri mbele ya kila mtu, si mbele ya wakwe tu."

"Hata mimi nimekura peke yangu," Mama akasema.

"Umepigia nani?"

"Samaki."

Yule bwana akawauliza waliokuwa karibu kama kuna chama chenye alama ya samaki. Watu walicheka mpaka muuza mapanki akakaa chini, akaniongezea kichwa kimoja cha bure kama fidia, nami nikarudi nyuma ya tairi kukila kwa amani.

Alhamisi kipuri hakikuja. Nikaanza kuhesabu siku zilizobaki na hesabu ikawa mbaya. Nikamwendea Mama, nikasimama pembeni, nikasema kwa ukali kidogo kuliko nilivyokusudia, "Mama, tukikosa Jumamosi hawa watu wanaondoka."

"Nimesikia."

"Na utasema Mungu anajua."

"Kwani hajui?"

"Akijua atufanyie basi."

Nilishtuka mwenyewe. Mama alivuta kanga yake kichwani, nami nikaenda kuulizia mitumbwi.

Kigongo mpaka Busisi

Mimi naogopa maji. Hilo nalo sasa mmelijua. Mtu aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa, na nikiona mawimbi yamegeuka meupe nageuka nami narudi nyumbani. Ijumaa asubuhi tulipata mtumbwi wa injini, umejaa magunia, wanawake wawili wa Kisukuma, kijana wa redio na bwana wa chama na kofia yake. Nahodha alikuwa anapanga watu kwa uzito.

"Wewe mzito, kaa na bibi katikati," akaniambia.

"Pale haiwezekani. Ni mama mkwe wangu."

"Mtumbwi haujui ukoo. Kaa, au ushuke usubiri kivuko na ukoo wako."

Nikakaa. Ubao ulikuwa mfupi. Niligeuza uso wangu upande wa Sengerema, Mama akageuza wake upande wa Mwanza, na katikati yetu tukaweka furu.

Tulipofika pasipo na kinga upepo ukatupata ubavuni. Maji yakaingia. Kijana wa redio akazima redio, na hapo ndipo nilijua kuna hatari, maana alikuwa hajaizima tangu Kigongo. Nahodha akasema kila mtu atulie. Mtumbwi ukalala upande mmoja, na mkono ukashika mkono wangu kwa nguvu. Wa kwanza kushika sikumbuki kama alikuwa yeye au mimi. Nasema mkono ulishika.

Mama akaanza kuomba, kwa sauti, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Akamwomba Mungu amshike nahodha na injini yake. Akawaombea wanawake wawili na magunia. Akamwombea yule wa chama apate hao watu wa samaki aliokuwa anawatafuta. Halafu akasema, "Na huyu mkwe wangu, Baba Tabitha. Kazi yake ilikufa, na yeye anadhani na wewe ulikufa nayo. Sikulaumu wala simlaumu. Mtunze tu, kwa sababu binti yangu anampenda, na mkono wake umejaa jasho."

"Amina," wakasema watu wote, na nahodha akasema kwa sauti kuliko wote.

Sikuwa na pa kuficha uso. Kwenye mtumbwi hakuna nyuma ya tairi. Baadaye nilimuuliza Perusi kama alimwambia, akaapa hakusema neno. Kipofu alikuwa amenisikiliza tu, nikisema amina kanisani siku alizokuja kututembelea, kama mtu anayejibu namba yake kiwandani.

Busisi tulifika tumelowa. Mama akauachia mkono wangu, akajifuta uso, akasema, "Fimbo iko wapi?" Fimbo ilikuwa imechukuliwa na maji.

Busisi mpaka hospitali

Bila fimbo ilibidi nimshike Mama kiwiko, na watu wa Busisi hawakuona ajabu yoyote. Dunia haikusimama. Tulipata lori la soda lililokuwa linakwenda Geita na kuendelea. Dereva, Mzee Shabani, alimpandisha Mama mbele, mimi nikapanda juu ya kreti. Barabara ya Sengerema mnaijua ilivyo. Chupa zilikuwa zinapiga makofi chini yangu, na kila shimo lilipokuja nilisikia Mama na Mzee Shabani wakishukuru pamoja, huyu kwa Yesu na yule kwa Alhamdulillahi. Tulipasua tairi mara moja. Mzee Shabani alipokuwa analibadili aliniuliza, "Mama yako huyu hachoki?" Nikamwambia sijawahi kumwona amechoka.

Hospitali tulifika Ijumaa jioni jua likiwa linazama, tukakuta uani wagonjwa wamekaa kwenye mikeka, vipofu kwa wasindikizaji wao, wengi kama mkutano wa injili. Mlinzi akatuambia tumechelewa, kazi inafungwa kesho.

"Wamefanyiwa wangapi?" nikauliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Vifaa havijafika. Gari limekwama Kigongo."

"Gari gani?"

"Landrova nyeupe."

Nilimweleza Mama. Nilingoja aseme lile neno lake, na safari hii ningelivumilia. Hakulisema. Aliuliza tu kama hao watu wote waliokaa gizani wamekula, na furu wa daktari wakaisha palepale kwenye mikeka.

Kesho yake adhuhuri Landrova ikaingia uani. Madaktari walikubali kuongeza siku. Dereva aliposhuka alinitambua, akaenda moja kwa moja kukagua upande wa nyuma wa gari.

Wodini

Siku ya kupimwa daktari alimmulika Mama, akamgeuza, akammulika tena. Nesi akatafsiri. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, litafanyiwa upasuaji. La kushoto limekufa kwa presha ya ndani, halirudi tena, wala si kwa sababu ya kuchelewa juzi, limekufa siku nyingi.

Mama akashukuru kwa adabu. Nikamrudisha mkekani. Nilidhani ataimba. Alivuta kanga akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua nifanye nini. Mtu ambaye amekuwa jiwe la watu wote, ukimwona analia unajihisi na wewe umekosa pa kuegemea.

Baada ya muda akasema, bila kupitia kwa mtu yeyote, "Baba Tabitha. Leo omba wewe. Mimi nimechoka."

"Mama, mimi..."

"Najua. Omba hivyohivyo."

Nikafumba macho. Nikatafuta. Nawaambia ukweli, ndani kulikuwa kutupu kama kiwanda siku ile walipozima mashine. Sala pekee iliyonijia ilikuwa ile tunayowafundisha watoto mezani. Nikaanza, "Ee Bwana, bariki chakula hiki..." Nikasimama, maana chakula hakikuwepo. Nikaendelea kwa sababu nilishaanza. "...na wote walioshindwa kukipata. Na mikono iliyokitayarisha. Na jicho la Mama, lile moja. Na lile lingine, kwa sababu lilifanya kazi miaka mingi. Na mimi, kama una nafasi. Amina."

Kanga ikaanza kutikisika tena. Nikadhani nimemliza zaidi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa mkeka wa pili akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Halafu yule mgonjwa, mzee wa Kiha mwenye bandeji tayari, akasema, "Mchungaji, na mimi niombee."

"Mimi si mchungaji."

"Hiyo ya chakula inatosha."

Nikamwombea. Wa tatu akaita. Mpaka nilipofika mwisho wa mikeka, kwa bwana mmoja aliyesema yeye ni Mwislamu ila ana njaa kwelikweli, nilikuwa nimesali kuliko nilivyosali tangu nipunguzwe kiwandani. Na sijui ni wapi katikati ya mikeka ile nilipoacha kuigiza.

Mama alifanyiwa. Siku ya kufungua bandeji nesi alimketisha karibu na dirisha, akafungua taratibu, akamwambia afumbue jicho. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kwa heshima.

"Unaona nini, Mama?" nesi akauliza.

Mama akalipepesa lile jicho. "Naona mwanga. Naona mti. Naona mtu kasimama kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni."

Nesi akanigeuza kwa mabega kabla sijakataa. Mama akanitazama. Miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajawahi kuniona, kwanza kwa mila, halafu kwa giza. Alinitazama mpaka akatosheka, kisha akashusha jicho.

"Nilikudhania mrefu," akasema.

Kurudi

Kurudi hakuna kisa. Kivuko kilikuwa kimepona, tulivuka kama mabwana, na Mama alitumia njia nzima kusoma kwa sauti kila kibao cha duka, hata vile ambavyo hakuna aliyetaka kusikia. Kuna wakati alijigonga upande wa kushoto, kwenye mlango au kwenye mtu, akasimama kidogo, akaendelea. Bado anajifunza upande huo.

Mnaniuliza kama nimepata kazi. Sijapata. Nimeweka meza pale njiani natengeneza cherehani, siku nyingine wateja wapo, siku nyingine nakaa. Asubuhi naomba. Si maombi ya Mama Dorkasi, yangu bado ni mafupi na mara nyingine yanaanzia kwenye chakula, lakini nikisema amina najua namwambia nani.

Siku tuliyofika, Perusi alimkumbatia mama yake wakalia wote wawili, halafu Mama akaingia ndani na mtoto, mlango ukafungwa. Perusi akaja kukaa nami uani.

"Safari yote hiyo," akasema, "mlikuwa mnazungumza nini?"

"Tutazungumza nini?" nikamjibu. "Sisi si wakwe?"

Ndani ya nyumba, kule alikokuwa Mama na mtoto, tukasikia mtu anacheka peke yake.